Mtamba Mmoja, Kompyuta Moja: Kuchagua Mashine Inayolingana na Kazi na Fedha

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka tisa baadaye, yaani mwaka 1974, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, na katazo hilo halikuanza kulegezwa mpaka miaka ya 1980. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na kazi ya hesabu za Serikali iliyotazamiwa kurahisishwa na mashine hizo ilikuwa imekwenda mrama. Kwa sehemu kubwa kosa halikuwa la mashine. Zilinunuliwa kwa gharama kubwa kabla ya kupatikana watu wa kutosha wenye ujuzi wa kuziendesha, na kabla ya kupimwa vizuri kama zililingana na kazi yenyewe.

Leo kosa la aina hiyo hiyo hufanyika katika nyumba za watu binafsi, kwa kiasi kidogo zaidi lakini kwa maumivu yale yale. Chukua mfano wa nyumba moja katika kata ya Ibighi, wilayani Rungwe, karibu na mji wa Tukuyu. Baba ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari. Mama anauza maziwa na ndizi. Binti yao amemaliza kidato cha sita na anangoja kujiunga na chuo. Wote wawili, baba na binti, wanataka kompyuta mpakato, yaani ile inayokunjwa na kubebwa mkononi. Fedha iliyopo ni shilingi 700,000 zilizowekwa akiba kidogo kidogo. Zaidi ya hapo upo mtamba mmoja zizini, na katika nchi ya Wanyakyusa mtamba hauzwi kwa jambo dogo: ni maziwa ya miaka mingi ijayo.

Kabla ya kutaja mashine yoyote, nyumba hiyo haina budi kuandika kazi zinazotakiwa kufanywa. Mwalimu anahitaji kuandaa mitihani na maandalio ya masomo, kujumlisha alama za wanafunzi katika majedwali, na kuonyesha darasani picha za mwendo wa mawimbi au mzunguko wa umeme. Hizo ni kazi nyepesi. Zaidi ya hayo, walimu wa shule za umma waligawiwa vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022. Mwalimu mwenye kishikwambi kizima anaweza kusoma vitabu, kupokea nyaraka na kupiga picha za kazi za wanafunzi bila ya kununua chochote. Asichokiweza kwa raha ni kuchapa mtihani wa kurasa nane wenye vielelezo, au kushughulikia jedwali la wanafunzi 200. Basi kompyuta yake yatakiwa ijaze pengo hilo tu, nayo haihitaji kuwa ya bei kubwa.

Binti yu katika hali tofauti. Akichaguliwa kusoma uhandisi, tuseme katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbeya, atakutana na programu za michoro ya uhandisi ambazo huhitaji kumbukumbu ya gigabaiti 8 kwa uchache, na 16 ndizo zinazofaa. Akichaguliwa kusoma ualimu au sheria, mashine kama ya baba yake itamtosha. Wazazi wengi hununua kompyuta ya mtoto mara matokeo yanapotoka, kwa furaha. Hilo ni kosa linalosameheka, lakini ni kosa. Barua ya chuo ikija, ndipo itajulikana mashine gani inatakiwa.

Sasa yafaa kutazama viungo vya kompyuta kimoja kimoja, kwa kuwa muuzaji huvitaja kwa haraka.

Kiungo kinachotangazwa sana ni prosesa, ambayo ndiyo hufanya mahesabu. Madukani husikika «Core i5» na «Core i7» kana kwamba tarakimu hizo peke yake zinatosha. Hazitoshi. Linalotakiwa kusomwa ni namba inayofuata baada ya kistari. Prosesa ya Intel iliyoandikwa i5-3320M ni ya kizazi cha 3, iliyotoka mwaka 2012. Ile iliyoandikwa i5-8250U ni ya kizazi cha 8, iliyotoka mwaka 2017. Kwa hiyo i7 ya kizazi cha 3 yaweza kushindwa na i5 ya kizazi cha 8, ingawa jina lake ni kubwa zaidi. Jambo hili limepata uzito mpya tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya kurekebisha kasoro za usalama katika Windows 10. Windows 11, iliyochukua nafasi yake, kwa upande wa Intel hukubali rasmi prosesa za kizazi cha 8 na kuendelea, isipokuwa chache tu za kabla ya hapo. Mashine nyingi zilizotumika huuzwa rahisi kwa sababu hiyo.

Je, mashine ya kizazi cha 6 ni takataka? La. Yaweza kuwekewa mfumo wa Linux, ambao hautozwi ada, pamoja na programu za ofisi za LibreOffice zisizotozwa ada pia. Kiswahili chenyewe kina historia katika jambo hili: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Mwalimu aliye tayari kujifunza kwa wiki mbili tatu anaweza kuokoa fedha nyingi kwa njia hii. Asiye tayari asijidanganye, atarudi dukani.

Kiungo cha pili ni hifadhi, na hapa fizikia ya kidato cha tatu yatosha kuamua. Diski ya zamani ni sahani inayozunguka. Ikiwa inazunguka mara 5,400 kwa dakika, huzunguka mara 90 kwa sekunde, na mzunguko mmoja huchukua milisekunde 11 hivi. Ili kusoma habari fulani, diski hungoja, kwa wastani, nusu ya mzunguko, yaani milisekunde 5.6, mbali na muda wa mkono wa kusomea kusogea mahali pake. Hifadhi ya aina ya SSD haina kitu kinachozunguka, na hujibu kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Ndiyo maana kompyuta ya miaka minane iliyotiwa SSD huwaka upesi kuliko nyingine mpya yenye sahani. Tena kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa mto mwembamba wa hewa, umbali wa nanomita chache tu. Mtikisiko wa pikipiki kwenye barabara ya mashambani huweza kukigusisha sahani na kuiharibu. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha mita 3,000 hivi juu ya usawa wa bahari kwa diski za namna hii, kwa kuwa hewa ikiwa nyembamba mno kichwa hakielei sawasawa. Wanafunzi watakaopanda Mlima Rungwe, ambao kilele chake hakifiki sana pungufu ya kimo hicho, waiache nyumbani.

Kuhusu kumbukumbu ya kazi, maelezo yaweza kuwa mafupi. Gigabaiti 4 hubana siku hizi; 8 zinamtosha mwalimu. Kwa kulinganisha tu, kompyuta ya Osborne 1 iliyouzwa kuanzia mwaka 1981, mojawapo ya za mwanzo za kubebwa, ilikuwa na kilobaiti 64, uzito wa kilo 11 hivi, na haikuwa na betri. Gigabaiti 8 ni kumbukumbu hiyo mara 131,072. Mnunuzi aulize kama kumbukumbu inaweza kuongezwa baadaye, maana katika mashine nyingi nyembamba imelehemiwa na haibadilishwi. Mashine nene kidogo zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi, kama vile ThinkPad, Latitude na EliteBook, aghalabu hufunguka kwa bisibisi, na fundi wa kawaida huzimudu. Urembo wake ni mdogo.

Betri ndiyo inayowapoteza wengi, kwa sababu uchakavu wake hauonekani kwa nje. Uwezo wa betri hupimwa kwa wati-saa. Betri mpya ya wati-saa 48, katika kompyuta inayotumia wati 8 wakati wa kuchapa, itadumu saa 6. Ikiwa imechakaa na kubakiwa na asilimia 60 ya uwezo wake, zinabaki wati-saa 28.8, sawa na saa 3 na dakika 36. Mwalimu akionyesha filamu darasani na matumizi yakapanda hadi wati 16, hazifiki saa mbili. Hesabu hiyo haihitaji kukisiwa. Katika kompyuta ya Windows, amri ya powercfg /batteryreport hutoa taarifa yenye tarakimu mbili: uwezo betri ilipotoka kiwandani, na uwezo uliobaki. Muuzaji mwaminifu hatakataa amri hiyo iandikwe mbele yake.

Mashine iliyofanya kazi vema Dar es Salaam si lazima ifanye hivyo hivyo Ibighi. Rungwe ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi Tanzania, na mwezi wa Juni na Julai baridi yake inajulikana. Unyevu ndio adui mkubwa. Hewa ya nyuzi 22 za Selsiasi huweza kubeba mvuke wa takriban gramu 19 katika kila mita moja ya ujazo. Ya nyuzi 12 hubeba gramu 11 tu. Ikiwa kompyuta imelala katika chumba cha nyuzi 12, kisha asubuhi ikaingizwa katika darasa lenye joto la nyuzi 22, limejaa wanafunzi walionyeshewa njiani, na hewa yake ina gramu 15 za mvuke, ziada hugeuka umande juu ya vyuma vyake, hata ndani. Dawa ni rahisi: iachwe ndani ya mkoba uliofungwa kwa muda wa nusu saa au zaidi, mpaka ipate joto la chumba, ndipo iwashwe. Isihifadhiwe jikoni kwa kisingizio cha kuitafutia ukavu. Moshi na masizi huziba feni.

Radi nayo si ya kupuuzwa. Chaja nyingi za kompyuta hukubali umeme kuanzia volti 100 hadi 240, kwa hiyo volti 230 za nyumbani, hata zikishuka, hazizidhuru. Kishindo cha radi kinachopita katika nyaya ni jambo jingine kabisa, na kinga ya uhakika kuliko zote ni kuchomoa waya ukutani mawingu yanapoanza kunguruma. Kwa nyumba inayotegemea umeme wa jua, yafaa kutafuta kompyuta inayochajiwa kwa tundu la USB-C. Hiyo huweza kupata umeme moja kwa moja kutoka betri ya volti 12 kwa kutumia chaja ya gari yenye nguvu ya kutosha, bila ya kupitia kigeuzi kinachopoteza sehemu ya nishati. Katika wiki za ukungu wa Rungwe, kila wati iliyookolewa ina thamani.

Fedha igawanywe vipi? Mwenye shilingi 700,000 asinunue mashine ya shilingi 700,000. Kiasi fulani kibaki kwa ajili ya SSD ikiwa haimo, betri ya kubadilisha, mkoba usiopenya maji, na diski ya nje ya kuhifadhia nakala za mitihani na alama. Intaneti pia ni gharama inayorudi kila mwezi. Hata hivyo ipo programu iitwayo Kiwix, ambayo huwezesha Wikipedia, ya Kiswahili ikiwa mojawapo, kupakuliwa mara moja na kusomwa shuleni bila ya mtandao wowote. Kwa shule ya mashambani faida yake ni kubwa kuliko prosesa ya kizazi kipya.

Mfano wa Rwanda unafaa kutazamwa hapa. Huko, kuanzia miaka ya 2000 kuelekea mwisho wake, watoto wengi wa shule za msingi waligawiwa kompyuta ndogo za XO. Zilibuniwa kwa shabaha ya bei ya dola 100, lakini zikatoka kiwandani kwa karibu dola 200. Zilikuwa na kioo kinachosomeka juani na kibodi kisichoingiza maji kwa urahisi, mambo mawili ambayo matangazo ya madukani hayayataji kamwe.

Katika nyumba ya Ibighi, basi, uamuzi wa busara ungekuwa baba kununua mashine ya ofisi iliyotumika, ya kizazi cha 8, yenye gigabaiti 8 na SSD, na mtamba kubaki zizini mpaka barua ya chuo ifike. Ikisema uhandisi, auzwe. Ikisema ualimu, binti anaweza kununuliwa mashine kama ya baba kwa akiba ya msimu mwingine.

Siku ya kununua, mteja asiridhike na kuonyeshwa kioo kinachong'aa. Aiwashe kompyuta mwenyewe na kuhakikisha kwamba haidai neno la siri la kampuni iliyoimiliki zamani, maana kufuli la namna hiyo lililo ndani ya mashine hufunguliwa kwa taabu sana. Abonyeze kila kitufe cha kibodi. Atazame kama ubao wa chini umetuna, dalili ya betri iliyovimba, ambayo huweza kushika moto. Kisha achomoe chaja, aandike asilimia ya betri na saa, na akae pale pale kwa muda wa kikombe cha chai. Muuzaji akisema, «Mwalimu, hii ni kama mpya, usipoteze muda wako,» aagize kikombe cha pili.