Kuchagua Nyenzo za Kujiandaa kwa Mtihani wa Leseni ya Uuguzi

Mama mjamzito anafikishwa wodini usiku akiwa katika degedege la kifafa cha mimba. Anahitaji gramu 4 za magnesiamu salfeti kwa njia ya mshipa, katika mchanganyiko wa asilimia 20. Dawa iliyopo kabatini ni ya asilimia 50, yaani gramu 5 katika mililita 10. Muuguzi aliyeiva huvuta mililita 8, huongeza mililita 12 za maji ya sindano, hupata mililita 20, kisha huchoma polepole kwa dakika zisizopungua 5. Hesabu ni fupi, ila saa hiyo hakuna nafasi ya kufungua daftari. Kwa hiyo namna mwanafunzi anavyojiandaa kwa mtihani wa leseni inamhusu pia mgonjwa.

Nchini Tanzania, Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 imelikabidhi Baraza la Uuguzi na Ukunga jukumu la kusajili na kutoa leseni. Mhitimu anayejiandaa kwa mtihani wa Baraza hukutana na nyenzo nyingi: vitabu vya kiada, muhtasari wa kurudufu, programu za simu na mafungu ya maswali yanayosambazwa katika makundi ya WhatsApp. Si zote zina manufaa sawa. Vipimo vinne vinaweza kumsaidia kuchagua.

Kipimo cha kwanza ni iwapo nyenzo inamlazimisha msomaji kukumbuka, au inampa tu cha kusoma tena. Mwaka 2006, wanasaikolojia Roediger na Karpicke walichapisha jaribio lililofanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani. Kundi moja lilisoma makala katika vipindi vinne. Kundi jingine lilisoma katika kipindi kimoja, kisha likaandika lilichokumbuka katika vipindi vitatu. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 83, na waliojipima asilimia 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliorudia kusoma walibaki na asilimia 40, waliojipima asilimia 61. Kurudia kusoma humfanya mtu ajione anajua, kwa kuwa maneno yamezoeleka machoni. Mtihani, kama wodi, haumwonyeshi maneno hayo.

Kipimo cha pili ni ubora wa maelezo yanayofuata jibu. Tuseme swali linauliza: mgonjwa aliyepewa magnesiamu salfeti anapumua mara 12 kwa dakika na muda wa dozi inayofuata umefika, muuguzi afanye nini? Nyenzo inayosema tu “Jibu ni B” haijamfundisha mtu. Nyenzo bora hueleza kwamba dozi isitolewe, kwa kuwa upumuaji unapaswa kuwa angalau mara 16 kwa dakika, goti liitikie linapogongwa, na mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Hueleza pia kwamba kalsiamu glukoneti ndiyo dawa ya kuzima sumu ya magnesiamu, na kwa nini majibu mengine matatu hayafai. Kwa sababu hiyo hiyo, maswali yanayodaiwa kuvuja ni mtego hata mbali na suala la maadili: anayekariri herufi hana la kufanya swali linapobadilishwa namba moja.

Kipimo cha tatu ni umri wa nyenzo. Mfano wazi ni malaria kali. Kwa miaka mingi kwinini ilikuwa dawa kuu. Mwaka 2010, utafiti wa AQUAMAT uliohusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwamo, ulionyesha vifo vya asilimia 8.5 kwa waliopewa atesunati na asilimia 10.9 kwa waliopewa kwinini. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likapendekeza atesunati ya sindano kwa watoto pia. Vivyo hivyo, mwaka 2016 lilipendekeza mahudhurio ya kliniki ya wajawazito yasiyopungua 8, badala ya 4 ya awali. Muhtasari unaotaja kwinini kwanza, au mahudhurio 4, umepitwa na wakati, na huenda una makosa mengine yasiyoonekana upesi.

Kipimo cha nne ni ulinganifu na mtihani wenyewe. Mtihani wa NCLEX-RN, unaotumika Marekani na Kanada, hufanywa kwa kompyuta inayochagua swali linalofuata kwa kuzingatia majibu yaliyotangulia. Tangu Aprili 2023 una maswali 85 hadi 150. Anayekusudia kufanya kazi huko anahitaji nyenzo zake. Anayefanya mtihani wa nyumbani asizitegemee peke yake. Vitabu vya Marekani hupima sukari ya damu kwa miligramu katika desilita, ilhali mashine nyingi za hapa husoma milimoli katika lita. 70 ya huko ni takriban 3.9 ya hapa.

Wingi wa nyenzo si sharti. Mwongozo wa tiba wa taifa, kitabu kimoja cha kiada na fungu moja la maswali yenye maelezo vinatosha wengi, pamoja na daftari la makosa linalopitiwa upya baada ya siku chache, kisha wiki, kisha mwezi. Asiye na fedha za programu anaweza kuulizana maswali na wenzake kwa sauti, vitabu vikiwa vimefungwa.

Kabla ya kulipia nyenzo yoyote, mtahiniwa ajaribu maswali kumi, moja likiwa la hesabu ya dawa na moja la malaria kali. Asome maelezo yake. Ikiwa baada ya hapo anaweza kumweleza mwenzake sababu ya kila jibu, nyenzo hiyo itamfaa chumba cha mtihani na wodi.