Swichi Zinazosogea Ndani ya Chipu (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita makala haya yaliishia kwenye udhaifu wa transista: hata ikizimwa, umeme kidogo huendelea kuvuja. Swichi ya metali haina kasoro hiyo. Ncha zake zikiachana, umeme hauna pa kupita. Ndiyo maana wahandisi wameirudia rilei, kifaa kilichoendesha kompyuta ya Z3 ya Konrad Zuse mjini Berlin mwaka 1941, ila safari hii wanaipima kwa maikromita.

Wala hakihitajiki kiwanda kipya. Mwaka 1979 Kurt Petersen wa IBM alieleza swichi za namna hiyo alizozijenga juu ya silikoni kwa mbinu zilezile za kutengenezea chipu.

Kwanza hutandazwa oksidi ya silikoni, kisha juu yake utepe wa dhahabu uliokitwa upande mmoja tu. Asidi ya hidrofloriki huiyeyusha oksidi, kama fundi anavyobomoa mbao zege la slabu likishakauka, na utepe ukabaki unaning'inia. Chini yake kuna bamba dogo. Likipewa umeme, huuvuta. Utepe ukishashuka theluthi moja ya nafasi iliyopo, mvuto huushinda ukakamavu wake, nao hujibwaga chini ghafla, ncha zikagusana na swichi ikafunga.

Kazi ngumu hasa ni kuukausha. Maji ya kuoshea asidi hujibana chini ya utepe, na kadiri yanavyokauka huuvuta hadi ukagusa chini na kunata. Ukishanata, haunasuki, swichi imekufa kabla ya kuwashwa hata mara moja. Mafundi huyaondoa maji hayo kwa alkoholi, nayo huiondoa kwa kaboni dioksidi ya kimiminika. Kisha huipasha moto kupita nyuzi 31 za selsiasi, chini ya shinikizo linalozidi mara 73 lile la angahewa. Hapo kimiminika na gesi havitofautiani tena, hakuna uso wa kuvuta chochote, na kaboni dioksidi huachiwa itoke taratibu.

Kwa kasi, swichi hizi haziifikii transista: hufunga kwa maikrosekunde, transista kwa sehemu ndogo ya nanosekunde. Basi nafasi yake iko kwenye mawimbi ya redio na vifaa vya upimaji. Kampuni ya Analog Devices ya Marekani inauza ADGM1304, yenye swichi nne zinazopitisha mawimbi hadi gigahezi 14. Ndani ya pakiti hiyohiyo chipu ya pili hupandisha voltu 3 hivi hadi makumi ya voltu za kuuvuta utepe, na mtengenezaji anaahidi kuwasha na kuzima mara bilioni 1.