Vyuma vya mazoezi nyumbani: kipi ununue, kipi utengeneze mwenyewe

Minada ya korosho ikianza Oktoba na malipo yakaanza kuingia, kijana wa Tandahimba anayejifunza karate au ngumi huanza kuota ile seti ya vyuma aliyoiona kwenye simu. Chuma ni kizito, na mzigo mzito una nauli yake kutoka Dar es Salaam au hata Mtwara mjini. Fedha hiyohiyo inasubiriwa nyumbani kwa ada, kwa bati, kwa palizi ya msimu ujao. Kwa hiyo kabla hujaagiza, tuangalie mpiganaji anahitaji nguvu gani hasa, na kifaa gani kinaileta.

Ngumi haianzii begani. Inaanzia mguuni, inapita kwenye nyonga na kiuno, ndipo inafika mkononi. Teke ni hivyohivyo. Mkono uliopiga lazima urudi haraka kulinda uso, na kazi hiyo ni ya misuli ya mgongo. Anayecheza judo anahitaji pia vidole vya kushika koti la mwenzake bila kuachia. Sasa tazama seti inayouzwa sana: benchi la kulala na chuma cha kusukuma juu. Inajenga kifua, jambo linalopendeza kwenye picha, lakini kwa mpiganaji ni kifaa cha mwisho kununua. Pushapu zinafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo bila gharama.

Wenye mchezo wenyewe hawakuanza na vyuma vya dukani. Katika karate ya Goju-ryu kutoka Okinawa, ambayo ilianza kufundishwa Dar es Salaam miaka ya 1970, vifaa vya nguvu ni vya kienyeji kabisa. Kuna jiwe au zege lililotiwa mpini wa mti, linaloitwa chi ishi, la kuzungusha kwa mkono mmoja ili kuimarisha kiganja na bega. Kuna mitungi ya kushika kwa ncha za vidole mdomoni huku unatembea, ukiongeza mchanga kidogokidogo kadiri nguvu inavyokuja. Ukifika uwanda wa Makonde, ambako watu wamebeba maji umbali mrefu kwa vizazi, utakuta kifaa cha namna hiyo karibu kila nyumba: dumu.

Uzuri wa dumu ni kwamba unajua uzito wake bila mzani. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo dumu la lita 20 ni kilo 20 na kidogo. Lakini maji kwetu si ya kuchezea. Tumia mchanga mkavu, ambao lita moja ina kilo moja na nusu hivi: dumu la lita 5 linakupa kilo 7 hadi 8, na la lita 10 kama kilo 15. Kumbatia moja kifuani uchuchumae na kuinuka. Shika mawili mkononi utembee hatua 40 bila kupinda mgongo. Inama, mgongo ukiwa umenyooka, uvute dumu hadi mbavuni. Hayo matatu yanashughulikia miguu, kiuno, mgongo na vidole. (Dada anayetoka bombani na ndoo kichwani kila asubuhi asiambiwe kwamba hana mazoezi. Anachokosa ni kuchuchumaa na kuvuta.)

Onyo moja halina mjadala. Usitumie dumu lililokuwa na dawa ya mikorosho, hata likioshwa mara ngapi. Viuatilifu vinabaki kwenye plastiki, na wewe utalikumbatia ukiwa na jasho.

Ukizidi uzito wa dumu, nenda kwenye zege. Makopo mawili ya rangi ya lita 4, yakijazwa zege na kuunganishwa kwa bomba la chuma, yanakupa karibu kilo 19 mbali na uzito wa bomba. Mwambie fundi wa kuchomelea aweke vipande vya nondo kwenye ncha za bomba kabla hujamwaga zege, vinginevyo kopo litazunguka, na siku moja litachomoka ukiwa umelinyanyua juu ya kichwa. Mwagilia kama unavyomwagilia tofali, usinyanyue kabla ya wiki moja kupita, na ukiweza subiri siku 28. Kisha pima pande zote mbili kwenye mzani wa dukani. Upande mmoja ukizidi kilo moja tu, kiuno ndicho kinacholipa.

Fedha yako iende wapi basi? Kwa maoni yetu, kwenye bomba la kuning'inia. Hakuna dumu linaloweza kuchukua nafasi ya kujivuta juu. Nunua bomba la chuma, si fito, na nguzo zizame ardhini angalau sentimita 60. Kama ni za mti, zipake oili chafu sehemu ya chini, maana mchwa hawachagui. Anayecheza judo atundike taulo kuukuu juu ya bomba na ajivute akilishika. Tawi la mkorosho si mbadala, kwa kuwa mti wake ni mwepesi kukatika. Tawi nene la mwembe ni afadhali.

Kwenye gunia la kupigia watu wengi huharibu mikono. Gunia la korosho linafaa, lakini likijazwa mchanga mtupu, mchanga hushuka na kushikamana, na baada ya wiki chache unapiga ukuta. Jaza nguo chakavu zilizokatwakatwa na kushindiliwa. Kama unataka uzito, weka mfuko mdogo wa mchanga katikati, mbali na unapopiga. Nusu ya uzito wa mwili wako inatosha. Hapa pia toa fedha: glovu nzuri na bendeji za mkono. Mfupa wa kiganja ukivunjika, jembe nalo linasubiri.

Kwa walio chini ya miaka 15 au 16, mwili wao wenyewe unatosha kwanza, na mwalimu awepo. Kwa mtu mzima, siku mbili au tatu kwa wiki, ukipumzika siku moja katikati. Ukifikisha marudio 12 bila kuyumba, ongeza kilo moja au mbili, si tano.

Na kama kiwanja chako kiko chini ya mikorosho, hama wakati wa kupuliza salfa. Vumbi lile huwasha macho na kubana kifua, na anayefanya mazoezi huvuta hewa nyingi kuliko aliyekaa kivulini.