Tarehe 27 Januari: tunakumbuka soko, tunachunga kambi



Mwezi uliopita tulikaa tena chini ya ule mwembe wa karibu na shule, sisi tuliotoka Cibitoke pamoja na majirani wetu wa Mutakura, Ngagara na Kinama. Si matanga, wala si sherehe. Kila tarehe 27 Januari wale waliokuwa wanauza katika soko kuu la Bujumbura wanakutana, wanasali kidogo, wanakunywa uji, wanaongea. Watoto wetu wa darasani walituuliza: kwani mnalilia soko? Ndiyo, tunalilia soko. Mtoto aliyezaliwa kambini hawezi kujua kwamba pale kulikuwa na ada za shule, kodi ya nyumba, mahari ya kaka, na dawa za bibi, vyote vimefungwa ndani ya meza moja ya vitenge.

Kwa wale ambao hawakuwepo, ilikuwa hivi. Ilikuwa Jumapili, tarehe 27 Januari 2013, asubuhi. Kule Cibitoke watu walikuwa wanapiga pasi nguo za kwenda kusali. Moshi ulionekana upande wa mjini, mweusi, halafu simu zikaanza kulia: soko linaungua. Kutoka kwetu hadi mjini ni mwendo wa saa moja hivi kwa miguu, na ile siku wengi waliutembea wakikimbia, wamama na viatu mkononi. Walipofika walikuta polisi na wanajeshi wamezunguka, hakuna kuingia. Mtu anaona pale palipo meza yake, anaona moto unakuja, na hawezi kufanya kitu.

Pompiye walikuja lakini magari yalikuwa machache na maji hayakutosha. Rwanda ilileta helikopta kusaidia kumwaga maji kutoka juu. Moto uliendelea siku nzima. Kuhusu chanzo, lililotajwa sana ni umeme. Wengine walisema mengine, na hata chini ya mwembe bado watu wanabishana, lakini hiyo si kazi ya gazeti letu. Tunachojua ni kwamba soko kubwa kuliko yote Burundi liliisha, na nguzo zilizoungua zilibaki katikati ya mji miaka na miaka. Wenye nguvu walianza upya katika masoko mengine, huko Ruvumera, Kamenge, Kwa Siyoni. Wasio na nguvu walibaki na deni la benki bila bidhaa, maana bima ilikuwa ni jambo la wachache sana.

Mwaka huu mama mmoja wa kwetu alisimama. Hatutaandika jina lake, mnamjua. Yeye mwaka ule alikuwa mtunza pesa wa kikundi cha wanawake 14 wa avenyu yetu, wanachanga kila wiki, mmoja anapokea. Jumamosi jioni alikuwa ameacha pesa ya zamu sokoni, ndani ya kisanduku chini ya meza, sababu aliogopa kutembea nazo usiku. Ilikuwa zamu ya jirani yake. Pesa ziliungua zote. Miaka miwili aliuza nyanya barabarani, akilipa kidogo kidogo. Alikuwa hajamaliza wakati maandamano ya 2015 yalipoanza, na sisi wa Cibitoke tunajua mwezi ule wa nne ulikuwaje kwetu. Kila mtu alikimbia kivyake. Alipofika hapa kambini, wa kwanza kumwona kwenye foleni ya maji alikuwa yule jirani, aliyekuwa anadai.

Hawakusalimiana mwaka mzima. Tunaandika hivi kwa ruhusa yao wote wawili. Baadaye mtoto wa mmoja akaugua, mwingine akambeba hadi kituo cha afya, na mambo yakalainika. Deni halikufutwa. Yule jirani alisema mbele yetu sote kwamba hajasamehe pesa, amesamehe mtu. Watu walicheka, lakini si wote.

Hapo ndipo mazungumzo yalipogeuka. Kijana mmoja aliuliza: sanduku la kikundi chetu cha sasa linalala wapi? Kimya. Linalala kwa mtunza pesa, nyumba ya nyasi na shitingi, mita mbili kutoka jikoni kwake. Lina kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu, safi kabisa kwa mwizi. Kwa moto, kufuli tatu ni nini? Noti zinaungua vilevile. Tulibishana karibu saa nzima. Wazee walitaka lizikwe ardhini ndani ya chungu. Vijana wakasema mvua itaozesha pesa, na kwamba afadhali kila mwenye simu apokee sehemu yake. Mwisho tulikubaliana mambo mawili: siku ya kukusanya pesa zigawanywe kama mkopo siku ileile, zisilale nyingi ndani, na sanduku lihamie kwa mzee mwenye nyumba ya matofali na bati. Daftari la majina lina nakala ya pili, tunaiweka shuleni. Kama mwaka 2013 kungekuwa na daftari mahali pengine, angalau kila mtu angejua anadaiwa kiasi gani bila kugombana.

Wapo watakaosema mnaongea moto wakati mvua inanyesha. Ni kweli, lakini angalieni nyasi nyuma ya nyumba zenu. Hizi zinazostawi sasa ndizo zitakazokuwa kavu mwezi wa saba, upepo ukipiga. Na kambi si soko. Sokoni nyumba ya mtu ilibaki salama kule Cibitoke. Hapa kila kitu tulicho nacho kiko pamoja: kitanda, chakula, karatasi za ukimbizi, watoto.

Yametokea kwa wakimbizi wenzetu. Mwezi Septemba 2020 kambi ya Moria huko Ugiriki iliungua, watu zaidi ya 12,000 wakalala barabarani. Tarehe 22 Machi 2021 moto uliingia katika kambi za Warohingya kule Cox's Bazar, Bangladesh. Watu walikufa, na zaidi ya 40,000 walibaki bila makao kwa siku moja. Nyumba zao ni kama zetu, mianzi na plastiki, zimebanana. Waliokoka walieleza kwamba uzio wa waya uliwazuia wengine kutoroka. Tukasoma habari hiyo darasani, na mtoto wa darasa la nne akauliza kwa nini mlango wa darasa letu unafungwa kwa nje na komeo wakati wa masomo. Tulikuwa tunafunga ili watoro wasitoke. Hatukuwa na jibu. Komeo tumeling'oa.

Tulipita pia nyumba kwa nyumba katika mtaa wetu, na kwa kweli tuliyoyaona yalitutia aibu, hata kwetu wenyewe. Kibanda kinauza petroli katika chupa za maji, na mwenye kibanda anawasha mbabula pale pale. Katadowa imewekwa juu ya kigodoro karibu na chandarua. Waya za sola zimeunganishwa kwa mfuko wa plastiki. Na lile baya kuliko yote: nyumba tatu zilizofungwa kwa kufuli, watoto wadogo ndani, mama yuko kwenye mgao. Tunaelewa, mama hana wa kumwachia na anaogopa watoto watapotea. Lakini shitingi ikishika moto inayeyuka na kudondoka kama mvua ya moto, na ndani mnakuwa hamna hewa kwa dakika chache tu. Wamama wa safu moja wamekubaliana kwamba siku ya mgao mmoja anabaki na watoto wote, na wengine wanamchukulia chakula chake. Tunawaomba safu nyingine wafanye hivyo hivyo.

Kuhusu kuungua, tuliwauliza wa kituo cha afya. Aliyeungua mwagieni maji baridi ya kawaida, taratibu, dakika ishirini. Bido moja inatosha ukitumia kikombe na beseni chini. Si dawa ya meno, si majivu, si yai, si mafuta. Wabibi wetu, mtusamehe, tunajua mmetulea na hayo. Na mafuta ya kukaangia yakiwaka ndani ya sufuria, usimwage maji hata kidogo, yataruka. Funika kwa mfuniko, uondoe moto chini, uache pale pale mpaka ipoe.

Shuleni tulifanya zoezi mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa vurugu: tulipiga kengele, watoto nusu wakarudi ndani kuchukua madaftari, maana tumewafundisha sana kuheshimu madaftari. Mara ya pili walitoka wote, wakahesabiwa chini ya mwembe. Alikosekana mmoja. Tulimtafuta kwa hofu, kumbe alikuwa chooni na hakusikia kengele. Kwa hiyo sasa mwalimu wa zamu lazima apite vyooni.

Jumamosi ya pili ya mwezi huu, saa mbili asubuhi, tutafyeka nyasi nyuma ya safu zote nne na kukwangua ardhi upana wa hatua kumi, ili moto wa porini ukija ukose chakula. Leteni majembe na mapanga. Ndoo za mchanga tayari ziko sita, kila kona ya mtaa, lakini mbili zimeshatoweka, na moja tumeiona inachotea maji kwa familia tunayoijua. Tunaomba irudi kabla ya Jumamosi, hatutauliza swali. Uji utakuwepo, unapikwa na yule mama na jirani yake, nje, mbali na nyasi.