Behewa Namba 12 na Kitundu cha Maji

Mji wetu wa Kigali haujapata kusikia mlio wa gari moshi likiingia stesheni. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tabora kuelekea Rwanda, lakini Vita Kuu ya 1914 ikaikatiza kazi hiyo. Na reli ya Isaka hadi Kigali, ambayo Tanzania na Rwanda zilikubaliana juu yake mwaka 2018, bado haijatufikia. Huenda basi msomaji akajiuliza tumepata wapi haki ya kuandika habari za mabehewa makuukuu ya abiria. Tumeipata kwa afisa mmoja wa polisi aliyefia ndani ya behewa, na behewa lenyewe lipo hadi leo.

Behewa hilo, namba 12, limehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Mwezi Juni 1900 lilikuwa limeegeshwa katika njia ya pembeni pale Kima, ambako simba mla watu alikuwa akiwahangaisha wafanyakazi wa reli. Mrakibu wa Polisi ya Reli, Charles Ryall, pamoja na wasafiri wenzake wawili, Huebner na Parenti, waliazimia kumvizia usiku. Ryall alishika zamu ya kwanza. Inadhaniwa kuwa usingizi ulimwiba. J. H. Patterson, yule mhandisi aliyewaua simba wa Tsavo, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1907 kwamba njia ile ilikuwa haijasawazishwa, na kwa hiyo behewa lilikuwa limeinama upande. Mlango wake wa kusukuma uliteleza kwa wepesi. Simba akaingia, uzito wake ukaliinamisha behewa zaidi, na mlango ukajifunga nyuma yake. Akamkanyaga Parenti aliyekuwa amelala sakafuni, akamnyakua Ryall, akatoka naye dirishani.

Wengi hukisimulia kisa hiki kwa ajili ya simba. Sisi tuliopitia shule ya makadeti twavutwa zaidi na lile behewa lililoinama. Mnyama yule hakuvunja kitu chochote ili aingie. Alipita mahali ambapo kazi ndogo ilikuwa haijafanywa.

Mabehewa ya kale nayo huangamia kwa njia hiyo hiyo. Anayedhani kwamba ni miaka inayoua mbao hajawahi kupanda juu ya paa la behewa. Mwuaji ni maji. Paa la mabehewa mengi ya zamani lilikuwa la mbao, likafunikwa turubai iliyopakwa rangi nzito. Turubai ikipasuka kwa upana wa ukucha, mvua imepata njia. Pabaya zaidi ni chini ya madirisha. Kioo kinaposhushwa huingia ndani ya ukuta, na maji huteremka pamoja nacho. Waundaji walilijua jambo hilo, wakaacha vitundu vya kuyatolea nje. Kitundu kikizibwa na vumbi na majani, mbao hukaa na unyevu mahali ambapo jicho halifiki. Nje rangi yang'aa, lakini ukiugonga ukuta kwa kidole wajibu kama boga, maana kuvu imekwisha kula maungio. Hata msaji, mti mashuhuri kwa kustahimili maji na mchwa, hauwezi kuvumilia hali hiyo milele.

Anayetaka kulifufua behewa kama hilo haanzi na nyundo. Kila kipande hupigwa picha na kuandikwa namba kabla hakijaondolewa. Askari anayeifungua bunduki yake na kuzipanga sehemu zake kwa taratibu ataielewa kanuni hii bila mwalimu. Rangi ya zamani nayo yataka hadhari, kwa kuwa mara nyingi ina madini ya risasi (yale yale ya bunduki, nayo huua polepole zaidi). Hukwanguliwa ikiwa imeloweshwa, na mkwanguaji amefunika pua na kinywa. Behewa likiinuliwa kwa jeki, hakuna ruhusa ya mtu kuingia chini yake mpaka limekalishwa juu ya vitalu imara.

Ni kazi ya saa nyingi mno, na mahali pengi isingefanyika kama watu wote wangedai ujira. Huko Wales, reli ndogo ya Talyllyn, iliyojengwa katika miaka ya 1860 kwa ajili ya kusafirisha mawe ya kuezekea, ilikuwa karibu kufungwa. Mwandishi L. T. C. Rolt na wenzake wakaunda chama, na mwezi Mei 1951 wakaanza kuiendesha kwa watu wa kujitolea, reli ya kwanza duniani kuokolewa hivyo. Mabehewa yake ya awali yangalipo. Kukwangua rangi na kupiga msasa ni kazi ambazo mgeni hujifunza kwa siku moja. Breki na magurudumu ni jambo jingine: hukaguliwa na fundi mwenye sifa, naye hutia sahihi yake. Nia njema haisimamishi treni.

Sisi Wanyarwanda hatuhitaji kufundishwa kujitolea. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, askari na raia hushika majembe pamoja katika umuganda, na kwa saa tatu mtaro huchimbwa ukaisha. Lakini tukiri wazi kwamba behewa halitengenezwi kwa mtindo huo. Umati waweza kufyeka majani na kuosha kuta. Mlango mmoja wa mbao wahitaji watu wachache walio tayari kuurudia wiki baada ya wiki, bila ngoma wala mpiga picha.

Msomaji wetu atakayepata likizo au kozi ya kumpeleka Nairobi na aende akalitazame behewa namba 12. Wageni hukimbilia dirisha alikotokea simba. Yeye, akiisha kulitazama, ainame kidogo na kuutafuta mle chini mdomo wa kitundu cha maji. Akikuta kimezibwa, amwarifu mwangalizi wa makumbusho. Kijiti cha kiberiti chatosha kukizibua.