Tangi la Samaki la Plaiwudi: Linamfaa Nani Karagwe na Kyerwa?

Mwenye kibanja juu ya kilima, mbali na bonde lenye maji, akitaka kufuga samaki hukutana na swali la fedha kabla ya kufikiria vifaranga: maji ayaweke ndani ya nini? Kuna njia nne ambazo mtu wa Kayanga, Omurushaka au Nkwenda anaweza kuzipata: bwawa la kuchimba, tangi la saruji, tangi la plastiki la dukani, na boksi la plaiwudi. Wengi huvutiwa na plaiwudi kwa sababu fundi seremala yupo jirani na kazi huisha upesi. Ni chaguo zuri kwa baadhi ya watu, ila fedha nyingi hupotea pale mnunuzi anapoamini kwamba ubao na rangi vinatosha kuzuia maji.

Boksi linakula nini

Shiti tatu za futi 4 kwa 8, unene wa milimita 18, zinatosha. Ya kwanza ni sakafu. Ya pili inapasuliwa katikati kwa urefu na kutoa kuta mbili ndefu zenye kimo cha futi 2. Ya tatu inatoa kuta mbili fupi, na nusu yake inabaki kwa mfuniko. Ukijaza maji hadi sentimita 55 unapata takriban lita 1,550, yaani zaidi ya tani moja na nusu. Kwa hiyo boksi likae chini, juu ya ardhi iliyosawazishwa na kutandazwa mchanga, si juu ya meza wala stendi.

Kwa kina hicho, kila ukuta mrefu unasukumwa na maji kwa nguvu inayolingana na uzito wa zaidi ya kilo 350. Ukiongeza kina mara mbili, nguvu hiyo huongezeka mara nne. Ndiyo maana fremu si mahali pa kubania fedha. Weka mbao za mbili kwa nne kama nguzo kila baada ya sentimita 60 au chini ya hapo, funga mkanda wa mbao kuzunguka juu, na kata ubao mmoja wa kuunganisha kuta ndefu katikati, kwa sababu hapo ndipo tumbo hutokeza kwanza. Tumia skrubu, misumari hung'oka mbao zikivimba na kusinyaa.

Plaiwudi ya ndani ya nyumba na ile ya kumwagia zege hufanana machoni, lakini gundi zao si moja. Muombe muuzaji kipande kidogo, kichemshe jikoni kwa saa kadhaa. Matabaka yakiachana, usinunue. Hata shiti nzuri hunywa maji kupitia kingo zilizokatwa, kwa hiyo kingo zote zipakwe rangi kabla ya kuunganishwa.

Rangi, faiba au turubai

Rangi ya mafuta ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo inayoshindwa mapema. Mitumbwi ya kukamulia rubisi, pombe ya ndizi, hushika kimiminika kwa sababu huchongwa kwenye gogo moja, haina kiungo. Boksi la plaiwudi lina viungo vinane, na kila kimoja hucheza. Rangi hupasuka hapo hapo, maji yakaingia ndani ya matabaka, ubao ukaoza.

Faiba na resini hutengeneza ganda gumu lisilo na kiungo. Kazi hiyo inataka mbao kavu kabisa, kitambaa cha faiba kwenye kona, vipimo sahihi vya kuchanganya, na fundi aliyezoea, kama wale wa boti za ziwani. Inafaa kwa anayetaka kioo ubavuni, au tangi la kukaa miaka mingi mahali pamoja.

Kwa mfugaji wa kawaida, turubai la bwawa ndilo linalolipa. Kwa boksi letu unahitaji kipande kimoja cha mita 4 kwa 3: sakafu, kuta za pande mbili, na akiba ya kukunjia juu ya ukingo. Kona zikunjwe, zisikatwe. Chini yake tandika magunia au blanketi kuukuu ili vichwa vya skrubu visitoboe. Likizeeka unabadilisha turubai peke yake, boksi linabaki. Nailoni nyembamba ya ujenzi ni rahisi zaidi, lakini jua huikausha na panya huitafuna.

Jihadhari na dawa za mbao. Shaba iliyomo kwenye mbao nyingi zilizotiwa dawa ni sumu kwa samaki, na oili chafu ya kufukuza mchwa nayo haifai kugusana na maji yao. Vitu hivyo vibaki nje, kwenye fremu.

Tukipima na mengine

Tangi la saruji la ujazo huo linataka bloku kama 45 za inchi 6, mifuko mitano hadi sita ya saruji, mchanga, kokoto na lipu ya kuzuia maji. Mafundi wa kazi hiyo wapo: shirika la MAVUNO la Karagwe limejenga matangi ya kuvunia maji ya mvua, likishirikiana na Ingenieure ohne Grenzen ya Ujerumani. Tangi la saruji hudumu kuliko la mbao, lakini halihamishiki, na linapokuwa jipya lijazwe na kumwagwa mara kadhaa ili ukali wa saruji uishe kabla ya samaki kuingia.

Tangi la plastiki halivuji na halitaki fundi. Kasoro yake ni umbo: ni refu na uso wa maji ni mdogo, wakati hewa huingia kupitia uso huo. Linafaa zaidi kuhifadhi maji ya paa ya kubadilishia.

Bwawa la kuchimba kwenye mfinyanzi ndilo rahisi kwa kila lita. Kabla ya kuchimba bondeni onana na halmashauri, maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa.

Kulinganisha, chukua gharama yote, gawa kwa lita, kisha gawa kwa miaka. Kwa mfano wa hesabu tu, tangi la shilingi 450,000 lenye lita 1,500 na kudumu miaka 5 ni shilingi 60 kwa lita kwa mwaka. La shilingi 300,000 lenye ujazo huo huo na linalooza baada ya miaka 2 ni shilingi 100.

Kwa upande wa samaki, anza na kambale. Huvuta hewa juu ya maji, hivyo umeme wa pampu ya hewa ukikatika hawafi haraka kama sato. Watenge kwa ukubwa, kwani hulana, na funika kwa wavu. Nyanda zetu ni za juu na usiku ni baridi. Mbao huhifadhi joto kuliko saruji, lakini samaki watakua taratibu kuliko wa maeneo ya joto. Maji machafu yapeleke kwenye migomba, ni mbolea ya bure.

Kabla ya vifaranga, jaza tangi na weka alama ya kimo. Pembeni weka ndoo ya maji yenye alama pia, kwa siku saba. Tangi likishuka kuliko ndoo, linavuja.

Kwa hiyo: mwenye bonde la mfinyanzi lililo mbali na mto achimbe bwawa. Mwenye nyumba yake na mpango wa miaka mingi ajenge kwa saruji. Mpangaji, anayeanza kujifunza au anayelea vifaranga anunue plaiwudi, na fedha za rangi aziongeze kwenye turubai na fremu.