Sahihi ya Kughushi Katika Cheki

Watu wengi hudhani ya kwamba benki ikiisha kulipa cheki, mwenye akaunti hana la kusema tena, hata kama sahihi iliyomo si yake. Sivyo. Sheria ya Kenya ya hati za malipo, Sura ya 27, iliyofuata ile ya Uingereza ya mwaka 1882, yasema kuwa sahihi ya kughushi, au iliyotiwa pasipo idhini, haina nguvu yo yote. Ni kana kwamba haikuandikwa.

Basi karani akiiba kitabu cha cheki cha tajiri wake na kuuiga mkono wake, benki inayolipa imetoa fedha zake yenyewe, wala haina haki kuzikata katika akaunti ya tajiri yule. Hati ya ahadi ya kulipa ni vivyo hivyo: mtu ambaye jina lake limeghushiwa hadaiwi, ijapokuwa aliyeipokea hati hiyo aliipokea kwa nia njema. Huyo na amtafute aliyemdanganya.

Kukosa idhini, hata hivyo, si lazima kuwe kughushi. Mweka hazina wa chama cha ushirika akitia sahihi yake peke yake, hali kanuni zataka sahihi mbili, hakuiga jina la mtu. Amevuka mpaka wa madaraka yake. Chama chaweza kulikubali tendo lake baadaye, nalo likawafunga. Sahihi ya kughushi haithibitishwi kwa njia hiyo.

Linaloponza ni kunyamaza. Katika kesi ya Greenwood na Martins Bank, iliyomo katika vitabu vya sheria vya Uingereza vya mwaka 1933, mke alighushi sahihi ya mumewe na kutoa fedha zake. Mume alipojua, mke alimsihi asiseme, naye akakaa kimya kwa miezi. Mke alipokufa, mume aliishtaki benki. Akashindwa, kwa kuwa kimya chake kiliinyima benki nafasi ya kumdai mkosaji angali hai.

Kwa hiyo mtu akiona katika taarifa ya akaunti yake cheki asiyoijua, yampasa kuiarifu benki mara moja, tena kwa maandishi, na nakala aiweke, hata akishuku kuwa aliyeitia sahihi ni mwanawe mwenyewe.